UZI: Pawa saplai za transfoma kwenye kompyuta za S-100 (Altair, IMSAI, Cromemco) – multimita inasoma poa, mashine inazingua

#1 Msukuma wa Ohio

Wakuu salama? Kuna jamaa kanifuata inbox kuhusu ile IMSAI 8080 niliyotupia picha zake, anauliza kwanini nimeng'ang'ania pawa saplai yake ya zamani yenye transfoma zito kama jiwe la kusagia wakati siku hizi swichi modi nyepesi (pawa saplai za kielektroniki zisizo na transfoma zito) zipo za bei chee. Jibu likawa refu nikaona bora nilifungulie uzi kabisa.

Kwa wasiozijua hizi mashine: Altair 8800 ya kampuni ya MITS, Albuquerque, New Mexico, ilitokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975, watu wakawa wanainunua vipandevipande wanaiunga wenyewe. Ndani ina mazabodi ndefu yenye soketi za pini 100, unachomeka bodi ya CPU, bodi za memori, bodi ya siriali, kila kazi na bodi yake. Wengine wakaiga soketi ileile, IMSAI kule San Leandro, California, Cromemco, Processor Technology na wengine kibao, ndo mfumo ukaja kuitwa S-100 na mwaka 1983 ukapata kiwango rasmi cha IEEE 696.

Sasa utamu uko hapa. Kwenye mazabodi ya S-100 haipiti 5V. Inapita 8V mbichi, yaani imetoka kwenye transfoma, ikapita kwenye daiodi zinazoigeuza kuwa DC, ikamwagwa kwenye kapasita kubwa la kuhifadhi umeme, la ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, basi, hakuna kingine, hakuna wa kuisawazisha. Pini ya 1 na ya 51 ni +8, pini ya 2 ni +16, ya 52 ni -16, graundi ni 50 na 100. Kila bodi inabeba regyuleta (chipu za kusawazisha volti) zake yenyewe, 7805 ya kutoa 5V na kama inahitaji 12V inakata kutoka kwenye ile 16.

Mtu ataona ni ushamba lakini piga hesabu. TTL (chipu za lojiki za enzi hizo) inataka 5V isiyopungua 4.75, kwahiyo una robo volti tu ya kuchezea. Ukisukuma ampia 20 kwenye mazabodi yenye soketi 22, nyaya, skrubu na viungio vikiwa na miliomu 10 tu kwa ujumla, umeshapoteza 0.2V njiani na bodi ya mwisho iko hoi. Ila ukisukuma 8 mbichi, ikifika 7.8 nani anajali, regyuleta iko palepale kwenye bodi inatoa 5 yake. Bob Widlar wa National Semiconductor alitengeneza LM309 karibu na 1970 kwa wazo hilohilo, regyuleta ya miguu mitatu ya kukaa juu ya kila kadi, kwahiyo wakina Altair walikuta chakula kimeshaiva. Faida nyingine 7805 ikifa kwa kushoti inaunguza bodi moja tu, haiunguzi mashine nzima.

Haya, ampia zote hizo za nini? Memori. Chipu ya 2102 inabeba biti 1024, bodi ya 4K inakula chipu 32, kila moja inavuta miliampia 30 hivi na nyingine zinafika 60. Bodi moja ya 4K ni ampia moja mpaka mbili. Ukitaka 32K ni bodi nane, umeshakula ampia 8 mpaka 16 na hujagusa CPU wala paneli ya mbele yenye mataa. Ndo maana IMSAI waliweka saplai ya ampia 28 kwenye 8V, Cromemco Z-2 ikaja na ampia 30. Altair za mwanzo zilikuwa dhaifu upande huu, watu walikuwa wakiongeza bodi kidogo tu saplai inapumulia mdomo, mpaka ilipokuja 8800b.

Sasa tatizo ninalotaka kuliongelea. Mtu anapata mashine, anaisafisha, anawasha, inawaka na bodi mbili. Anaongeza memori, inaanza kupoteza data, inajiriseti, programu inakufa katikati. Anapima +8 kwa multimita anakuta 7.7. Anasema aah saplai iko poa, anaanza kubadilisha chipu za memori moja moja, anamaliza hela na miezi.

Multimita kwenye DC inakupa wastani. Regyuleta haishi kwenye wastani, inaishi kwenye bonde, yaani pale volti inaposhuka chini kabisa kapasita likisubiri kujazwa tena. 7805 inataka kama volti 2 juu ya inachotoa, kwahiyo ikishuka chini ya 7, hata kwa milisekunde mbili, 5V inazama nayo na memori inasahau. Ndo maana IEEE 696 wakaandika kabisa kwamba +8 isiwahi kwenda chini ya 7 papo kwa papo, na wastani usizidi 11. Hiyo 7 haikutoka hewani, ni 5 jumlisha 2.

Hesabu ya haraka ya kina cha bonde, yaani volti inashuka kiasi gani kutoka kilele: gawa ampia kwa (100 au 120 mara faradi za kapasita), 100 ukiwa kwenye umeme wa hertzi 50, 120 ukiwa kwenye wa 60. Inazidisha kidogo lakini inatosha. Chukua mzigo wa ampia 12, umeme wa huku Marekani, kapasita zima la maikrofaradi laki moja: 12 ÷ (120 × 0.1) = volti 1. Kilele kikiwa 9, bonde ni 8, wastani 8.5, raha mustarehe. Chukua kapasita hilohilo limezeeka limebaki na elfu 40: 12 ÷ (120 × 0.04) = volti 2.5. Kilele 9, bonde 6.5, na wastani? 7.75. Multimita inakwambia 7.75 unaenda kulala na furaha zako huku kila sekunde mara 120 mashine inazamishwa chini ya 7.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Oskiloskopu (kifaa kinachochora umbo la volti) ikaonyesha meno ya msumeno marefu balaa. Nikabadilisha kapasita, shida yote ikaisha, bodi za memori ziko zilezile.

Kwahiyo kabla hujang'oa saplai yenye umri mkubwa kuliko wewe, weka mzigo kamili, chomeka oskiloskopu pini ya 1 na 50, angalia BONDE.

---

#2 kapasita mbovu

Nimeweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu

---

#3 Bongo Digital

Mkuu somo zuri ila swali la msingi hujalijibu. Kwanini usitoe hilo litransfoma ukauza kopa, ukaweka swichi modi ya kisasa? Hata pawa saplai ya kompyuta ya kawaida ina 5V na 12V tayari, unaunga moja kwa moja unamaliza. Naona kama ni mahaba tu ya vitu vya kale.

---

#4 Msukuma wa Ohio

@Bongo Digital mahaba yapo siwezi kukataa lakini sikiliza.

Pawa saplai ya PC inatoa 5V. Ukiipeleka kwenye mstari wa +8, 7805 zote kwenye bodi zinapokea 5 zinatoa 3 na kitu, mashine haiwaki. Kwahiyo itabidi uzing'oe regyuleta zote uunge waya juu yake, na siku unayochomeka bodi hiyo kwenye mashine ya mwenzio yenye 8V halisi umeunguza TTL zote maana mwisho wake ni 7V. Na bado ule mzigo wa robo volti kwenye mazabodi umeurudisha.

Njia ya heshima kama lazima uende swichi modi ni kutafuta za 7.5V, zipo, zina kiskrubu cha kurekebisha unakipandisha mpaka 8. Hapo bonde hakuna kabisa, mstari umenyooka, regyuleta zinapoa. Halafu mbili ndogo za 15V kwa +16 na -16. Inafanya kazi na simlaumu anayefanya. Tatizo ni kelele za masafa ya juu, baadhi ya bodi za analogi na za diski zinakuwa na kinyaa nazo, na zile za bei chee zinazima zenyewe pale makapasita ya bodi 15 yanapovuta kwa mkupuo wakati wa kuwasha.

Ila kwangu mimi kikubwa ni kwamba transfoma na daiodi na kapasita ni vitu vitatu ambavyo nikifa leo mwanangu anavipima na multimita na oskiloskopu anajua kipi kibovu. Swichi modi ikifa unaitupa.

---

#5 Bongo Digital

Hapo kwenye 5V nimekuelewa. Ila joto je? 8 kuwa 5 hiyo tofauti si inaenda bure?

---

#6 Msukuma wa Ohio

Inaenda bure tena nyingi. Ampia 12, wastani 8.5, ukitoa 5 unabaki 3.5, mara 12 ni wati 42 zinachomwa juu ya hitisinki (vyuma vya kupozea) za regyuleta. Brij ya daiodi (zile daiodi nne baada ya transfoma) inakula kama volti 2 hivi, wati 24 nyingine. Kazi halisi ya 5V ni wati 60. Yaani unachoma kuliko unachotumia, feni lazima iwe inazunguka na usiwahi kuweka bodi zenye joto zimebanana soketi za jirani kama una nafasi. Saplai ikiwa ya juu mno ndo hatari kabisa, ikifika wastani wa 11 kila 7805 yenye ampia moja inachoma wati 6 badala ya 3. Watu wanaogopa voltiji kuwa ndogo tu, kubwa nayo inaua taratibu.

Na msishtuke mkipima mashine tupu, bila bodi, mkakuta 10 na kitu mpaka 11. Transfoma isiyo na mzigo hupanda, ukichomeka bodi inashuka. Ndo maana narudia, mzigo kamili.

---

#7 Bint Makupa

Salamu kutoka Mombasa. Nimefanya kazi ya kuwaindi mota na transfoma miaka mingi, hizi kompyuta zenu sizijui lakini transfoma nazijua, na kuna jambo hapa mmelipita mbio.

Mtu akichukua mashine ya Marekani, 115V hertzi 60, akaileta huku kwetu, wengi hununua stepdauni ya 240 kuwa 115 wakadhani wamemaliza. Stepdauni inabadilisha volti, haibadilishi hertzi. Chuma cha transfoma kinajazwa sumaku kulingana na volti kugawa kwa hertzi. 115 kwa 60 ni 1.9. 115 kwa 50 ni 2.3. Umekijaza asilimia 20 zaidi. Kama aliyeiwaindi alibana chuma ili apunguze gharama, na Wamarekani wengi walikuwa wanabana, chuma kinashiba, koili ya praimari (ya upande wa umeme wa ukutani) inavuta karenti hata bila mzigo, inanguruma, inapata moto, vanishi inaanza kunuka. Kwanza angalieni kibandiko. Kikisema 50/60 Hz mko salama. Kikisema 60 peke yake, msikilizeni kwa sikio na mguse baada ya nusu saa bila bodi yoyote ndani, na umeme UMEZIMWA na plagi imetolewa kabla ya kugusa, isije ikasemwa ni mimi nilisema.

Ukiweza kupata stepdauni ya 100V, ile ya vifaa vya Kijapani, chuma kinapumua, maana 100 kwa 50 ni 2.0. Lakini sekondari (koili ya kutolea) nayo itashuka, sijui kama hiyo 8 yenu itafika.

---

#8 Msukuma wa Ohio

Dada @Bint Makupa heshima yako, hili ndo lilikuwa linakosekana. Kuhusu kushuka: kwa mashine yenye bodi chache inaweza kufaa maana bila mzigo ilikuwa inakaa juu, ikishuka asilimia 13 bado bonde linaweza kuwa juu ya 7. Kwa mashine iliyojaa haitafika. Na hertzi 50 yenyewe inaongeza kina cha bonde, ile volti 1 yangu inakuwa 1.2 na kapasita ni lilelile.

---

#9 Yakhe wa Muscat

Assalaam aleikum jamaa. Mie niko Muscat, nimeletewa CompuPro, nayo ni ya S-100, kutoka Marekani, ndani nimekuta transfoma kubwa na pembeni yake kijikopo cha chuma kina waya mbili, kimeandikwa 660 VAC. Nimeiwasha kwa stepdauni, +8 ikatoa 6.5 tu bila hata bodi moja, na transfoma linavuma khasa. Nikadhani kapasita, nikafikiri brij, nimebadilisha vyote, wapi. Sasa nikisoma maneno ya dada wa Mombasa naingiwa na shaka, kijikopo kile kazi yake nini?

---

#10 Bint Makupa

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kijikopo hicho ni kapasita la AC la mafuta, na transfoma lako si transfoma la kawaida. Ni lile la kushikilia volti, sisi twaliita CVT, kuna kampuni ya Sola walikuwa maarufu nayo. Limeundwa makusudi chuma kishibe upande wa sekondari, na hilo kapasita linacheza na koili ili vipatane na hertzi za umeme. Vikipatana, volti ya ukutani ipande ishuke, ya ndani inakaa palepale. Zuri mno hasa kwa umeme unaoyumba.

Lakini limepatanishwa na 60. Ukilipa 50 halipatani tena, sekondari inashuka karibu kwa uwiano wa hertzi na zaidi kidogo, hertzi zikipungua moja kwa mia volti inapungua moja na nusu hivi. Hapo kwako umeshuka karibu asilimia 17 ya hertzi, kwa hiyo robo nzima ya volti imeondoka. Na moto juu yake. Hakuna stepdauni duniani itakayokuponya hapo. Usiendelee kuliwasha.

Na kapasita hilo lina mamia ya volti ndani, si kama hayo ya volti 8. Lisiguswe hata likiwa limezimwa mpaka umelitolea umeme kwa risista.

---

#11 Yakhe wa Muscat

Allah akujaze kheri dada. Sikulijua hili kabisa. Ndio maana lilikuwa la moto hata mkono haukai. Sasa nifanyeje, nitafute la 50?

---

#12 kapasita mbovu

Huu uzi umekuwa chuo kikuu

---

#13 Fundi Redio Moro

Naomba kuuliza kabla hamjaendelea. Haya makapasita makubwa ya zamani mnabadilisha tu au mnayafufua? Kuna mzee alinifundisha kwenye redio za valvu unayapa umeme kidogokidogo mpaka yanashika.

---

#14 Msukuma wa Ohio

@Fundi Redio Moro mzee alikufundisha vizuri. Ngozi nyembamba ya oksidi ndani ya kapasita inachoka likikaa bila umeme miaka mingi, ukiliwashia ghafla linavuja karenti, linachemka, linaweza kutapika. Ukilipa kidogokidogo kupitia risista ngozi inajirudia. Mimi nayafungua waya kabisa kutoka kwenye mashine, naweka saplai ya benchi na risista ya kilo-omu moja hivi, napandisha taratibu nikiangalia karenti inayovuja inashuka. Ikigoma kushuka hilo ni la jalalani.

Ila kufufua kunarudisha uvujaji tu, hakurudishi maji yaliyokauka. Kapasita linaweza kuacha kuvuja likawa bado limebaki na elfu 40 badala ya laki. Pima maikrofaradi na pima upinzani wake wa ndani, halafu mwisho wa siku oskiloskopu na mzigo ndo hakimu. Kuna ya zamani yale ya kompyuta, yenye skrubu juu, yana nusu karne na bado yako vizuri kushinda ya bei chee ya leo, usiyatupe kwa umri wake tu.

Kuwasha mara ya kwanza natumia balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, naifunga kwa mfululizo na waya wa laivu. Ikiwaka kidogo ikafifia, poa. Ikiwaka mwanga kamili ikabaki hivyo kuna shoti, hujaunguza kitu. Balbu za LED hazifai hapa msije mkajaribu.

Na vueni pete na saa za chuma jamani. Volti 8 hazikurushi, nishati yenyewe ni kama joule 4 tu, lakini kapasita lile likipigwa shoti linatema mamia ya ampia kwa mkupuo na transfoma liko nyuma yake linaendelea kusukuma, pete inaungua na kidole kiko ndani. Tena baadhi ya mashine hizi umeme wa ukutani wenyewe umepelekwa mpaka kwenye swichi ya paneli ya mbele, mtu anaingiza mkono akidhani kule mbele ni 5V tupu.

---

#15 Bongo Digital

Na ile +16 na -16 mbona hamziongelei, au hazina shida?

---

#16 Msukuma wa Ohio

Zina shida yake tofauti. Hazivuti ampia nyingi kwahiyo zinapanda, mashine ikiwa na bodi chache utakuta 18 mpaka 20. Kwenye bodi kuna tantalamu, vile vikapasita kama punje, wengi waliweka vya 20V au 25V palepale kwenye mstari huo. Baada ya miaka hii yote vikipata 20V vinashoti, na tantalamu ikishoti haifi kimya, inawaka moto kabisa na moshi mweupe. Mimi bodi yoyote inayoingia kwangu tantalamu za upande wa 16 nazitoa naweka za 35V kabla sijaichomeka.

La pili ni -16. Watu wanaidharau kwasababu inabeba kidogo. Lakini chipu ya CPU ya 8080 inataka -5, na memori za 4116 zinataka -5, na hiyo -5 inatoka kwenye -16. Fyuzi ya -16 ikikatika huku +12 ipo, chipu zile zinaweza kufa moja kwa moja. Kwahiyo kama kuna fyuzi moja ya kuangalia kwanza kabla ya kuwasha ni hiyo.

---

#17 Fundi Redio Moro

Aisee. Hapo kwenye -5 umenifungua macho, nina bodi mbili za 4116 zilikufa kwa mtu na hatukujua kwanini.

---

#18 Yakhe wa Muscat

Jamaa msinisahau mie na CVT langu.

---

#19 Bint Makupa

Hatujakusahau. Kulipata la 50 la umbo lilelile ni bahati nasibu. Mimi ningelitoa lote pamoja na kijikopo chake, nikaweka transfoma la kawaida, la duara ama la EI (chuma chake ni bati za umbo la E na I), la 240 hertzi 50. Waweza hata kuwaindiwa, nipe tu vipimo vya sekondari. Hapo @Msukuma wa Ohio ndiye ajuaye.

---

#20 Msukuma wa Ohio

Twende. Tunataka kilele cha 9.3 hivi kwenye kapasita mzigo ukiwa kamili. Brij inakula 2, kwahiyo kabla ya brij kilele ni 11.3, gawa kwa 1.414, sekondari ni 8V AC. Hiyo 8V iwe CHINI YA MZIGO, sio tupu, mwambie anayewaindi.

Karenti sasa ndo wengi wanachemka. Mzigo wa DC ukiwa ampia 12, transfoma haibebi 12. Kapasita linachukua umeme kwa vipande vifupi kwenye kilele tu, kwahiyo koili inapata joto kama inabeba mara 1.8 hivi, ampia 21 mpaka 22. Mara 8 ni VA 175. Ongeza ±16 na nafasi ya kupumua, mimi ningeenda 300. Sekondari ya 16 iwe na kati (waya unaotoka katikati ya koili), 14-0-14 hivi inatosha, ampia 3. Kilele chake kinakuja 18 na kitu, bonde linabaki juu ya 14.5 ambayo ndo chini ya kiwango.

Ukitaka kupunguza joto, sekondari ya 8V nayo iwaindiwe na kati, daiodi mbili tu badala ya brij. Karenti inapita daiodi moja kila nusu wimbi badala ya mbili, unaokoa volti moja, mara ampia 12 ni wati 12. Lakini usiache volti zilezile, kata sekondari iwe 7.3-0-7.3 la sivyo unaihamishia joto kwenye regyuleta.

Kapasita kwa hertzi 50, laki moja na ishirini elfu, 16V. Unarudi kwenye kina kilekile cha bonde cha huku, volti 1.

---

#21 Bint Makupa

Nimeandika. La duara lina mkupuo mkubwa likiwashwa, fyuzi ya praimari iwe ya kuchelewa, na uweke NTC (risista ya kupunguza mkupuo wa kuwasha) mbele yake. 300 VA kwa 240 ni ampia moja na robo, fyuzi ya ampia mbili ya kuchelewa yatosha.

Ndugu Yakhe, pima urefu na upana wa mahali lilipokaa la zamani, na kina mpaka kifuniko, unitumie inbox. La EI litakuwa refu, la duara pana, sitaki niwaindi kisha lisiingie.

---

#22 Yakhe wa Muscat

Leo usiku nafungua napima inshallah. Na kile kijikopo cha 660 nakitolea umeme kwanza kwa risista kabla sijakigusa, nimesikia.

---

#23 Bongo Digital

@Msukuma wa Ohio oskiloskopu ya bei rahisi ile ya mkononi inatosha kuona hilo bonde? Nina jirani ana Cromemco anaangaika na memori mwezi wa pili huu na kila akipima anapata 7.9.

---

#24 Msukuma wa Ohio

Inatosha sana, ni hertzi 120 tu, hata kile kidude cha kuunga mwenyewe kinaiona. Weka DC, volti 2 kwa kisanduku, milisekunde 5. Graundi ya proubu kwenye 50 au 100, ncha kwenye pini ya 1. Kama hana kabisa, multimita weka AC kwenye mstari huohuo wa +8: nzuri zinakata DC zenyewe, zinasoma ripo tu, yaani ule mpando na mshuko, zidisha kwa 3.5 upate urefu wa jino la msumeno kutoka juu mpaka chini. Nusu ya hilo jino toa kwenye 7.9 yake. Ikitoka chini ya 7 mwambie aache memori za watu.

---

#25 Bongo Digital

AC kasoma 0.62

---

#26 Msukuma wa Ohio

0.62 × 3.5 = 2.2. Nusu ni 1.1. 7.9 toa 1.1 ni 6.8.

Kapasita.